Makosa Mawili Langoni

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayepita katika mitaa ya Kampala yenye nyumba za kuta ndefu amewahi kusimama mbele ya lango na kucheka. Kwenye bati limeandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Tulipokuwa mwaka wa kwanza, mhadhiri wetu alilitumia bati hilo kutufundisha upatanisho wa kisarufi. Mbwa ni nomino ya ngeli ya A-WA, alisema, ingawa umbo lake linaweza kukudanganya ukadhani ni ya I-ZI. Kwa hiyo ni mbwa mkali, si mbwa kali. Tulicheka, tukaandika, tukafaulu mtihani.

Leo nataka kusema kwamba bati lile lina makosa mawili, na la sarufi ndilo dogo. Kosa kubwa ni la maana. Wengi wa mbwa tunaowaita wakali ni waoga. Na kwa kuwa tumekosea neno, tunakosea yote yanayofuata: tunakosea tunapowafunga, tunapowapiga, tunapowagawa na tunapowaua. Watu huumwa kwa sababu ya kosa hilo, na mara nyingi watu hao ni watoto.

Hoja yangu ni fupi. Mbwa aliyeuma kwa sababu ya woga apewe mlezi mzoefu, anayeambiwa kila kitu kuhusu alivyouma, au asigawiwe kabisa. Asipewe mwenye huruma asiye na ujuzi, wala anayemtaka kwa sababu ya meno yake. Najua wenzangu wengi watapinga. Baadhi yao walishanipinga kwenye chumba cha mijadala, na wengine walicheka kwamba mwanafunzi wa fasihi ameacha riwaya na kuanza kutetea mbwa. Naomba wanisome hadi mwisho, kwa maana sizungumzi kama mtu asiye na hatia. Kosa ninalolipinga nililifanya mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kwa miaka miwili sasa, kila Jumamosi, ninajitolea katika makao ya mbwa waliookotwa, pembezoni mwa jiji. Kazi yangu ni kuosha vibanda, kupika posho na mukene, yaani ugali na dagaa, na kujaza fomu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Hapo ndipo nilipokutana na Kibiriti. Aliletwa kutoka kwenye jengo lililoachwa kabla ya kukamilika, shingoni ana waya uliokuwa umeanza kuzama kwenye nyama. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limechanika. Jina alipewa na wafanyakazi, kwa sababu ukimgusa huwaka.

Lakini kabla ya kuwaka alikuwa akifanya mambo mengine ambayo hatukuyaangalia. Alikaa kwenye pembe ya kibanda ameupa ukuta uso. Ukiingia alihema kama aliyetoka mbioni, hata asubuhi yenye baridi. Wiki ya pili mfanyakazi mmoja alinyoosha mkono juu ya kichwa chake ili amfungue kamba. Kibiriti aliganda kwa kitambo, kisha mkono ukawa na matundu mawili. Nilikuwepo. Niliiona damu, nikakimbia kuleta sabuni.

Baada ya miezi miwili alianza kula karibu na viatu vyangu. Nilijivuna sana. Siku moja ikaja familia: baba, mama na watoto watatu. Makao yalikuwa yamejaa pomoni, na kila mbwa aliyeondoka alimpa nafasi mwingine aliyekuwa akingoja kwenye sanduku. Walimpenda Kibiriti kwa kuwa alikuwa kimya. Nikachukua fomu. Kwenye nafasi iliyoandikwa tabia, nikaandika maneno mawili: mpole akizoea.

Hakuna aliyeniamuru. Sikuandika uongo mtupu, maana kwangu alikuwa ameanza kuzoea. Lakini sikuandika kuhusu mkono wa yule mfanyakazi. Siku ya tisa binti mdogo wa familia hiyo, mwenye umri wa miaka sita, alimkumbatia Kibiriti akiwa amelala chini ya meza. Aliumwa mkono, karibu na kiwiko. Jirani alitaka kummiminia mafuta ya taa kwenye kidonda. Kwa bahati nzuri mama yake alimshika akamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha wakapanda boda boda kwenda kituo cha afya kuanza sindano. Kibiriti alirudishwa kwetu jioni hiyo kwenye buti ya gari. Baba hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, “Binti yangu, ungeniambia.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniandikisha makala haya.

Tuanze na woga wenyewe, kwa kuwa asiyeujua hawezi kujua ninachokitetea. Mbwa mwoga hauumi mkono ghafla kama tunavyosimuliana. Kwanza hugeuza kichwa. Hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo pasipo usingizi. Usipomwelewa hujikunja, mkia huenda katikati ya miguu, masikio hulala nyuma, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Usipomwelewa bado huganda kama kisiki. Kisha hunguruma. Kisha huonyesha meno. Kisha huuma hewa. Akishamaliza yote hayo na bado mkono unamjia, huuma mkono. Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba mazungumzo si maneno tu. Huyu mnyama amesema mara saba, na sisi tumeisikia ya nane peke yake, tukaapa kwamba alianza bila kusema.

Baya zaidi ni desturi yetu ya kumpiga mbwa anaponguruma. Wazee wengi husema umtie adabu mapema. Lakini ukimpiga kwa kunguruma humpunguzii woga, unamnyang'anya onyo. Kesho atakuwa na woga uleule, ila sasa amejifunza kukaa kimya kabla ya kuuma. Huyo ndiye mbwa tunayemwogopa kuliko wote, na ni sisi tuliomtengeneza.

Woga huu una chanzo. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya kazi yao ya miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili, ambapo hujifunza kwamba binadamu, sauti na vitu vya dunia si hatari. Kipindi hicho kikipita bila yeye kukutana na watu kwa wema, kumzoeza baadaye ni kazi nzito. Wahenga wetu walilisema hilo bila maabara: samaki mkunje angali mbichi. Mbwa wa mitaani aliyezaliwa kwenye mtaro, akakulia kwenye mawe anayorushiwa na watoto, akafungwa waya shingoni, ni samaki aliyekaukia juani. Anaweza kubadilika, naam, lakini polepole, na mikononi mwa anayejua. Na asipobadilika sana tusimlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa nini methali hiyo tuihurumie kwa mtu, tuikatae kwa mbwa?

Sasa nije kwa wapinzani wangu. Wapo wa aina nne, na ningependa kumjibu kila mmoja kwa haki.

Wa kwanza husema: muueni. Mbwa akishaonja damu ya mtu, hataacha. Imani hii imeenea sana na ina chembe ya ukweli ndani yake, kwa hiyo siwezi kuipuuza. Ni kweli kwamba mbwa aliyeuma mara moja anaweza kuuma tena. Lakini sababu si utamu wa damu. Sababu ni kwamba kuuma kulimsaidia: mkono aliouogopa uliondoka. Kama hiyo ndiyo sababu, dawa ni kumwekea maisha ambamo hahitaji kuuma, si kumpiga rungu. Tena kuumwa kote si kumoja. Daktari wa wanyama Ian Dunbar, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alitunga kipimo cha ngazi sita. Ngazi ya kwanza mbwa hatii jino mwilini kabisa. Ya pili jino hugusa ngozi bila kuitoboa. Ya tatu ni tundu moja hadi manne kwa mara moja, yasiyo na kina kikubwa. Ya nne ni kidonda cha kina, ya tano ni mbwa anayeuma tena na tena, ya sita ni kifo. Kibiriti yuko ngazi ya tatu. Kumweka kundi moja na mbwa wa ngazi ya tano ni sawa na hakimu anayempa adhabu moja aliyesukuma na aliyeua.

Hata hivyo namkubalia mpinzani huyu jambo moja. Wako mbwa ambao hakuna nyumba salama kwao. Kwa hao, sindano ya daktari, taratibu, pembeni akiwepo mtu wanayemfahamu, ni huruma kuliko miaka kumi ya mnyororo. Ninachokataa ni kuufanya uamuzi huo kuwa wa kwanza, na kuufanya kwa sumu barabarani, ambako anayekufa ni yeyote aliyeiokota nyama. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa cha mbwa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo.

Mpinzani wa pili ni yule anayesema: huyo huyo ndiye ninayemtaka. Alikuja kwetu mwezi uliofuata, mwenye stoo ya saruji na nondo. Alikuwa amesikia kwamba tuna mbwa anayeuma, akaja na pesa mkononi. Alitueleza mpango wake bila haya: mnyororo mfupi mchana, kufunguliwa usiku, chakula mara moja kwa siku ili abaki na hasira. Nilimwambia hapana kabla msimamizi hajajibu, na nilikemewa kwa hilo. Lakini nitasema tena hapa. Mbwa mwoga hamchagui mwizi. Humuuma anayemkaribia: kijana anayemletea chakula, mtoto wa mpangaji anayefuata mpira, mama aliyekosea lango. Mbwa ana njia mbili anapoogopa, kukimbia na kuuma. Mnyororo huondoa ya kwanza. Anayemfunga mbwa mwoga kwa mnyororo amemwachia njia moja tu, kisha anatundika bati la MBWA KALI na kujisifu kwamba ana ulinzi. Na mwizi mwenyewe anajua: humtupia nyama kutoka mbali, jambo ambalo mbwa huyo hulipenda kuliko mkono wa bwana wake.

Wapo wanaosema kwamba hayo ndiyo maisha ya mbwa wa Kiafrika, na kwamba kumfikiria mbwa kwa namna nyingine ni mambo ya wazungu. Nawauliza: ni Waafrika gani hao? Wawindaji wa misitu ya Kongo waliwafuga mbwa wasiobweka, wanaoitwa basenji, wakawafunga njuga shingoni ili wasipoteane nao porini. Wafugaji wa mifugo wana mbwa wanaolala pamoja na mbuzi. Kiswahili chenyewe kina methali, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, inayotuambia kwamba mbwa hufuata mkono unaomlea. Msasi alimjua mbwa wake: alijua anachokiogopa, anachokifurahia, na siku asiyofaa kutoka naye. Ukuta wenye vigae vya chupa na mnyororo nyuma yake ndivyo vigeni. Mzoefu ninayemtafuta si Mzungu. Ni msasi.

Wenzangu Waislamu nao wameniuliza kuhusu najisi. Sina elimu ya kuwafundisha fikihi, na simlazimishi mtu kumwingiza mbwa sebuleni. Lakini mwanafunzi yeyote wa madrasa anaijua hadithi ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Huruma na umbali vinaweza kukaa pamoja. Kwa kweli mbwa mwoga anavihitaji vyote viwili.

Mpinzani wa tatu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anasifiwa. Ni mwenye moyo laini. Husema: mpeni mtu yeyote mwenye upendo, upendo utamponya. Huyu nilikuwa mimi. Tatizo ni kwamba upendo wetu hutaka kugusa, kukumbatia, kuangalia machoni na kuinama juu, na hayo manne ndiyo yanayomtisha mbwa mwoga kuliko kitu kingine. Mwenye moyo laini huona kichwa kilichoinama, akadhani ni unyenyekevu, akanyoosha mkono. Kisha akiumwa husema amesalitiwa. Na mwenzake aliye upande wetu wa fomu, kwa kuogopa kwamba mbwa hatapata nyumba, huandika mpole akizoea, au anahitaji muda kidogo, au hapendi kelele. Maneno haya ni kama kanga iliyofunikwa juu ya shimo. Aliyeifunika hakumsukuma mtu, lakini atakayekanyaga ataanguka.

Sisi tunaosoma Kiswahili Uganda tunajua vizuri uzito wa jina. Lugha hii ilibandikwa kwa miaka mingi sifa ya kuwa lugha ya askari na majambazi, na bado wapo wazazi wanaokunja uso mtoto akiizungumza mezani. Tunalalamika, na tuna haki, kwamba lugha imehukumiwa kwa sababu ya waliyoyatenda baadhi ya wasemaji wake. Hatukusema, basi tuwafiche watu historia hiyo. Tumeisema yote, tukaeleza ilitokeaje, tukataka lugha ipewe watu watakaoilea vizuri. Namwombea Kibiriti jambo hilohilo. Jina la mkali si lake. Lakini namna ya kuliondoa si kuficha matundu mawili kwenye mkono wa mtu.

Mpinzani wa nne husema: hospitali hazina dawa, wanafunzi hawana ada, nyinyi mnatafutia mbwa nyumba. Hoja hii huniumiza kwa kuwa huyasema hayo mtu ambaye kweli hana ada. Jibu langu ni kwamba kuwatenganisha mbwa na watoto katika suala hili ni kosa la hesabu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na kiasi cha asilimia 40 kati yao ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa binadamu, maambukizi zaidi ya asilimia 99 hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kinga ipo: kuosha kidonda kwa sabuni na maji kwa dakika 15, na chanjo mara moja baada ya kuumwa. Lakini kinga hiyo hutegemea ukweli. Daktari lazima ajue mbwa ni yupi, amechanjwa lini, na yuko wapi, ili aangaliwe kwa siku kumi. Mbwa aliyegawiwa kwa uongo, akauma, akafukuzwa usiku kwa aibu, ni mbwa asiyejulikana alipo na asiyechanjwa tena. Binti yule wa miaka sita alikuwa na bahati: Kibiriti alikuwa na cheti cha chanjo, alirudishwa, na siku kumi zikapita akiwa mzima. Hapo hakuna sifa yangu yoyote. Anayetaka dawa za hospitali zitoshe na aanze kwa kupunguza wanaozihitaji bila sababu.

Basi mlezi mzoefu ni nani? Nimeulizwa swali hili kwa dhihaka, kana kwamba namtaka profesa wa mbwa. Nitamweleza kwa mambo yanayoonekana. Ana nyumba yenye watu wazima tu, au vijana wanaoelewa wanachoambiwa. Ana ua uliofungwa, na kati ya lango la nje na mahali pa mbwa pana mlango wa pili. Ameshaishi na mbwa mgumu, akamfahamu. Hapa niseme wazi kwamba miaka si uzoefu. Mtu aliyefuga mbwa kumi na wawili kwa minyororo kwa miaka 20 anajua minyororo. Mzoefu ni yule anayeweza kukusimulia mbwa wake aliogopa nini, na alifanya nini siku aliponguruma. Ukimuuliza swali hilo, akijibu “nilimpiga akaacha,” mshukuru umsindikize langoni.

Tena mzoefu hana haraka. Haendi na mbwa siku ya kwanza. Huja makao Jumamosi nyingi, anakaa chini ubavu ameuelekeza kwa mbwa, anamtupia kipande cha nyama pembeni, kisha anaondoka. Humfundisha mbwa kuvaa kile kikapu cha mdomoni kwa kukipaka siagi ya karanga, hadi mbwa atie mdomo mwenyewe, ili siku ya kwenda kwa daktari isiwe vita. Akimchukua nyumbani hukumbuka kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo wiki za mwanzo mbwa hukaa kwenye kamba ndefu na nyepesi, hata ndani ya ua, na wageni hawaitwi kuja kumtazama. Hakubali mtu amguse anayelala au anayekula. Na anajua kwamba pengine, baada ya kazi yote hiyo, atapata mbwa anayempenda yeye peke yake na kuwakimbia wengine wote. Hilo analiona kuwa linatosha.

Mtaniambia: watu hao Kampala hawapo. Wapo, ila hatujawaita kwa jina lao. Kuna askari wastaafu wa vitengo vya mbwa na wa kampuni za ulinzi, ambao baadhi yao walijifunza kumsoma mbwa kabla ya kumwamuru. Kuna madaktari wa wanyama, na wanafunzi wao walio mwaka wa mwisho. Kuna wazee ambao watoto wameondoka, ua umebaki mtupu, na hawana haraka ya kwenda popote. Tunawakosa kwa sababu tangazo letu linamwita kila mtu. Mzoefu akisoma mpole akizoea, hupita. Anadhani mbwa huyo atapata nyumba kwa urahisi, hamhitaji yeye.

Baada ya yaliyotokea nilimwomba msimamizi ruhusa ya kuandika tangazo jingine. Alisita, akisema hakuna atakayekuja. Niliandika hivi:

“Anaitwa Kibiriti. Ana umri wa miaka mitatu hivi, amehasiwa, amechanjwa. Anaogopa mikono inayotoka juu, watoto, na kuguswa akilala. Ameuma watu wawili, mtu mzima na mtoto. Vidonda vyote vilikuwa matundu ya juu juu. Anapenda dagaa, kivuli, na kutembea alfajiri kabla ya boda boda kuamka. Hafai nyumba yenye watoto. Hafai ulinzi. Tunamtafutia mtu aliyewahi kuishi na mbwa mwoga na yuko tayari kuja hapa mara nyingi kabla ya kumchukua. Ukimchukua ukashindwa, mrudishe. Hatutakulaumu.”

Sentensi mbili za mwisho ndizo nilizoziandika kwa muda mrefu kuliko zote. Makao yanayomwaibisha anayerudisha mbwa yanamfundisha amtupe barabarani.

Kwa wiki tano hakuja mtu. Sitaficha hilo, maana wapinzani wangu watalitaja. Msimamizi hakusema kitu, lakini nilimwona akihesabu vibanda. Wiki ya sita alikuja mama mmoja wa makamo, mstaafu, aliyekuwa amesoma tangazo hadi mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa “anauma?” Aliuliza, “Aliumaje? Mlikuwa mmesimama wapi?” Tangu hapo amekuja Jumamosi saba. Huleta kigoda chake na gazeti. Hajamgusa Kibiriti hata mara moja, na hajaomba kumgusa. Jumamosi iliyopita Kibiriti aliacha pembe yake akalala mgongo ukiwa upande wa kigoda. Sijui kama mama huyu atamchukua. Ninachojua ni kwamba, akimchukua, hakuna kitu atakachokuja kukigundua chini ya meza.

Wanafunzi wenzangu, wahadhiri wangu, siwaombi mpende mbwa. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkiona mbwa aliyeganda, muache nafasi, na muwafundishe hivyo wadogo zenu. Pili, mkiulizwa na mtu anayetafuta mbwa mkali wa kufunga stoo, mwambieni anunue kufuli. Tatu, na hili ndilo la fani yetu: siku mtakapokaa upande wa pili wa fomu, iwe ya mbwa, ya mwanafunzi au ya mgonjwa, na kalamu iko mkononi, na ukweli unaonekana kama utaharibu nafasi ya yule mnayempenda, uandikeni. Baba wa yule binti hakutaka zaidi ya hilo. Alitaka aambiwe.

Na yule mwenye bati langoni, kama atanisoma, ninamwandikia bure. Sarufi nitamsahihishia, na maana pia: MBWA MWOGA. USIMSOGELEE.